Usiku wa Kuingoja Radi

Jirani yangu alibisha hodi saa kumi na moja jioni, daftari kwapani. "Leo usiku," akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Labda."

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Mei, hapa Reading, mji ulio magharibi ya London, mwendo wa nusu saa kwa treni. Siku tatu mfululizo joto lilikuwa limepanda mpaka watu wakaanza kulala madirisha wazi, jambo la nadra kwao. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Hakusomea elimu ya hali ya hewa popote. Lakini tangu 1983 hajaacha kuandika daftarini kila siku aliyosikia ngurumo akiwa nyumbani kwake: saa ya ngurumo ya kwanza, saa ya mwisho, upande wingu lilikotokea, kama mvua ya mawe ilinyesha, na upepo ulibadilika lini. Mwaka huu, hadi jioni ile, alikuwa amehesabu siku 2.

Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani sikuelewa vizuri. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria. Kwetu ngurumo hutoka ziwani alfajiri kama vile jogoo anavyowika, na hakuna mtu anayezihesabu. Ng'ambo ya ziwa, Entebbe na Kampala, husikika zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Mwaka 2016 watafiti waliopanga takwimu za setilaiti za miaka mingi walionyesha kuwa Kabare, kule Kivu ya Kusini, ndiyo inayoongoza Afrika nzima: miako 205 ya umeme kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Duniani ilipitwa na sehemu moja tu iliyoongoza orodha, Ziwa Maracaibo la Venezuela, lenye miako 233. Hapa Uingereza hesabu hiyo kwa kawaida haifiki hata mwako mmoja. Kusini-mashariki mwa nchi, ambako ndiko kwenye radi nyingi kuliko kwingine, mtu husikia ngurumo siku 15 hadi 20 kwa mwaka. Kaskazini mwa Scotland ni siku chache za kuhesabika kwa vidole.

Kwa hiyo wapo watu hapa wanaoingoja radi kama wavuvi wa kwetu wanavyongoja usiku wa giza ili dagaa waje kwenye taa. Huanza kuingoja siku nne au tano kabla.

Na kuingoja kwenyewe ni elimu. Jioni ile, wakati mkewe akitandika chai bustanini, mzee alinichorea mchoro nyuma ya bahasha. Radi kubwa za majira ya joto hapa huanzia mbali, kwenye nyanda za juu za Hispania. Jua la huko huchoma ardhi kavu, hewa inapata moto, kisha upepo wa kusini unaibeba kama ulimi mrefu kuvuka Ufaransa hadi Uingereza. Wapenzi wa radi wana jina lao kwa ulimi huo, wanauita unyoya wa Hispania. Lakini hewa hiyo haitembei chini. Kwa kuwa imetoka mahali pa juu, inapofika huku inaelea kilomita moja na nusu hadi tatu juu ya vichwa vya watu, moto na kavu, juu ya hewa nyingine iliyo chini yake yenye unyevu mwingi.

Hapo ndipo penye kitendawili. Hewa ya chini inataka kupanda, lakini ikipanda inapoa, na ile ya juu inabaki ya moto kuliko yenyewe, kwa hiyo inaizuia. Ni kifuniko hasa, na wao wenyewe wanakiita kifuniko. Chini yake joto na unyevu vinajikusanya kutwa nzima. Kifuniko kikiwa chepesi mno, mawingu hupanda mapema asubuhi, yanamwaga manyunyu yasiyo na nguvu, na nishati yote inapotea bure. Kikiwa kizito mno, hakifunguki kabisa. Jua linazama, anga imebaki safi, na watu waliokesha wanarudi kulala. Kinachotakiwa ni kile cha katikati: kishikilie mpaka jioni, halafu kitobolewe na hewa baridi inayosogea kutoka Atlantiki.

Nishati hiyo iliyofungiwa hupimwa kwa jouli kwa kila kilo ya hewa. Kwenye nyanda za katikati ya Marekani, jouli 4,000 si ajabu siku za Mei. Hapa, ikifika 1,000 simu za wapenzi wa radi zinaanza kulia, na ikipita 2,000 wapo wanaoomba ruhusa kazini. Vipimo vyenyewe hutoka kwenye maputo yanayorushwa usiku wa manane na mchana, kutoka vituo kama Camborne kule Cornwall na Herstmonceux kule Sussex. Kila puto hupanda na chombo kidogo kinachotuma joto, unyevu na upepo kwa redio mpaka puto lipasuke. Mzee alikuwa ameuchapa mchoro wa puto la mchana wa siku ile. Kidole chake kilipita juu ya mstari wa joto, kikasimama pale mstari ulipopinda ghafla kuelekea kulia. "Hiki hapa kifuniko," akasema. "Ni kinene. Hizi za nyumbani sizitegemei. Tungoje za kuagiza."

Wapenzi hao hugawa radi makundi mawili. Za nyumbani ni zile zinazoota juu ya ardhi ya Uingereza yenyewe, alasiri, kwa joto la jua. Za kuagiza ni zile zinazozaliwa Ufaransa jioni na kuvuka bahari usiku, zikiwaka juu ya maji. Hizi ndizo zinazowatoa watu vitandani hadi kwenye majabali meupe ya Sussex na Kent, wakiwa na chupa za chai na kamera juu ya miguu mitatu.

Tukakaa. Saa tatu usiku jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama. Upande wa kusini yakatokea mawingu madogo yaliyopangana mstari, kila moja likiwa na vijinara juu yake kama ukuta wa ngome. Mzee alisimama ghafla hata kikombe kikamwagika. Mawingu hayo ya minara yakionekana jioni, maana yake ni kwamba juu ya kifuniko hewa imekwisha kuanza kupanda yenyewe. Ni ishara ya zamani, na watazamaji wa mawingu waliitegemea kabla ya rada.

Inafaa nisimame hapa kidogo, maana nadhani nchi hii ina deni kwa watu wa aina yake ambalo haiwezi kulimaliza. Majina ya mawingu yanayofundishwa shuleni hata kwetu, kumulasi, stratasi na sirasi, yalitolewa na mtengeneza dawa wa London, Luke Howard, katika mhadhara wa Desemba 1802. Kutazama anga hakukuwa kazi yake ya kumpa riziki. Mwaka 1860 George Symons alianza kukusanya vipimo vya mvua kutoka kwa watu wa kujitolea wasiozidi 200, na alipofariki mwaka 1900 walikuwa zaidi ya 3,000: wachungaji wa makanisa, wakulima, madaktari, wanawake wa majumbani, kila mmoja na kipimamvua chake uani. Kisha mwaka 1924, kule Huddersfield kaskazini mwa nchi, Morris Bower akaanzisha sensa ya radi. Naam, sensa. Watu kutoka pande mbalimbali za nchi wakawa wanamletea taarifa kila ngurumo ziliposikika, naye akazipanga kwa saa na mahali, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1974 Terence Meaden aliunda TORRO, taasisi ya utafiti wa tonado na dhoruba, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, na sensa ya Bower baadaye ikaingizwa humo. Kazi inaendelea hadi leo.

Mtu anaweza kuuliza ilisaidia nini. Mimi ningemjibu kwa kumpeleka Wokingham, mji mdogo ulio jirani kabisa na hapa tunapoishi. Julai 9, 1959, dhoruba iliingia kutoka kusini, ikapita juu ya Wokingham na kwenda zake kaskazini-mashariki, ikiacha nyuma mkanda mrefu wa mvua ya mawe. Profesa Frank Ludlam na mwanafunzi wake kijana, Keith Browning, walikuwa na rada zilizoilenga, na walikuwa pia na ripoti za watu wa kawaida waliokuwa chini ya mawe hayo: yalianza saa ngapi, yaliisha saa ngapi, yalikuwa makubwa kiasi gani. Walipounganisha picha za rada na maneno ya watu, wakaona jambo ambalo halijawahi kuelezwa vizuri.

Wingu la kawaida la radi hujiua lenyewe. Hewa inapanda, mvua inatengenezwa, halafu mvua ileile inaangukia mkondo uliokuwa ukipanda na kuuzima. Muda wake kwa kawaida haumalizi saa moja. Lakini dhoruba ya Wokingham ilidumu kwa saa nyingi. Ludlam na Browning wakagundua kwamba upepo uliokuwa ukibadilika kadiri unavyopanda juu uliupinda mkondo wa hewa, mvua na mawe vikawa vinaanguka kando yake, na mkondo ukabaki huru kuendelea kupumua. Mwaka 1962 Browning aliipa dhoruba ya aina hiyo jina la supaseli, na jina hilo sasa linatumika duniani kote, hata na wanaofukuza tonado Marekani. Limezaliwa hapa, kutokana na dhoruba ya siku moja na maneno ya watu waliochungulia madirishani na kutazama saa.

Nilimwambia mzee kwamba huko Marekani watu huifuata dhoruba kwa magari. Alijua, na hakufurahia sana. David Hoadley wa North Dakota alianza kufukuza dhoruba mwaka 1956, na mwaka 1977 akaanzisha jarida la wafukuzaji, Storm Track. Watu hao wametoa picha na taarifa nyingi zilizosaidia sayansi. Lakini Mei 31, 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado yenye upana wa zaidi ya kilomita 4 iligeuka njia na kuwaua Tim Samaras, mtafiti aliyeheshimika kwa uangalifu wake, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Mzee anakumbuka mahali alipokuwa alipopata habari hiyo. Yeye hafuati. Hungoja palepale pake, na ana sheria asiyoivunja: kati ya mwako na ngurumo zikipungua sekunde 30, kila mtu anaingia ndani, na hatoki mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Sauti huchukua sekunde 3 hivi kukata kilomita moja, kwa hiyo sekunde 30 ni kilomita 10, na umeme unaweza kuruka umbali huo bila kumwonya mtu.

Saa tano usiku rada ilianza kuonyesha madoa mekundu kaskazini mwa Ufaransa. Mzee ana simu nzuri inayoonyesha picha mpya kila dakika 5, lakini aliiweka chini, akaingia ndani na kutoka na redio kuukuu ya betri. Akaifungua, akazungusha kitufe cha masafa ya kati mpaka akafika mahali pasipo na stesheni. Kimya. Kisha: krrr. Kimya tena. Krrr, krrr.

Nilihisi nywele za mikono zikinisimama. Sauti ile niliijua kabla sijajua kusoma. Babu yangu alikuwa na redio ya namna ile, iliyokaa dirishani kwenye meza yenye kitambaa kilichofumwa, na jioni alisikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Msimu wa kahawa, buni zikiwa zimeanikwa uani, yeye hakutazama mawingu, maana migomba yetu haikuruhusu kuona mbali. Alisikiliza mikwaruzo. Ikiwa michache aliendelea na habari zake. Ikianza kufuatana, aliita bila kugeuza kichwa: "Watoto, redio inakwaruza. Anueni kahawa." Nasi tulikimbia. Mvua ilikuja. Sikumbuki hata mara moja alipokosea, ingawa najua kumbukumbu ya mjukuu humpendelea babu.

Nilipomweleza mzee, aliniomba nirudie taratibu, akaandika. Kisha akanieleza kilichokuwa kikitokea katika redio ya babu. Ndani ya wingu la radi, chembe za barafu nyepesi zinazopanda hugongana na vipande laini vya mvua ya mawe vinavyoanguka. Nyepesi huondoka na chaji chanya kwenda juu, vizito hubaki na chaji hasi katikati. Tofauti ikizidi, umeme unapasua hewa na kuipa joto la karibu nyuzi 30,000, na hewa inayotanuka ghafla ndiyo ngurumo. Lakini mwako uleule hutoa pia mawimbi ya redio yanayosafiri mamia ya kilomita, mbali kuliko ngurumo yoyote. Kila mkwaruzo ulikuwa radi moja mahali fulani. Babu alikuwa akizisikia zikiwa bado ziwani.

Siku hizi kazi ya redio ile inafanywa na mtandao wa watu wa kujitolea uitwao Blitzortung, ulioanzishwa Ujerumani na Egon Wanke wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf. Mtu hununua vifaa, anavichomelea mwenyewe, anaweka antena darini. Kila kituo hunakili wakati halisi mkwaruzo ulipofika, kwa saa ya setilaiti inayopima sehemu za milioni za sekunde. Vituo kadhaa vikilinganisha nyakati zao, kompyuta inakokotoa radi ilipiga wapi, na nukta inatokea kwenye ramani sekunde chache baadaye, wazi kwa yeyote. Nukta zote za usiku ule, kutoka Ufaransa hadi kwenye mlango wa bahari, zilitoka kwenye dari za watu wa kawaida.

Sitaki msomaji wa Mwanza au Homa Bay adhani nimesahau. Kwetu radi haingojwi kwa chai. Ziwa Viktoria hupoteza joto polepole kuliko nchi kavu, kwa hiyo usiku upepo huvuma kutoka kila ufuo kuelekea katikati, unakutana juu ya maji yenye vuguvugu na kupanda. Radi kali za ziwa huzuka usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile mitumbwi ya dagaa iko mbali na taa zake zinaelea juu ya maji. Kila kijiji cha ufukweni kina majina ya waliochukuliwa. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Mbelgiji Wim Thiery walichapisha makadirio kwamba ongezeko la joto duniani litazifanya dhoruba hizo kuwa kali zaidi, na kazi yao iliyofuata ilionyesha kwamba radi za alasiri juu ya nchi kavu zinazolizunguka ziwa zinaweza kutabiri za usiku juu ya maji. Nikaisoma kazi hiyo nikiwaza redio ya dirishani. Alasiri tunazo. Macho ya kutazama alasiri tunayo, kuanzia Karagwe hadi Kisii, na karibu kila mwenye macho hayo sasa ana simu mfukoni. Natamani siku moja awepo Morris Bower wa Ukerewe, mtu wa kuyapokea maneno hayo na kuyapanga kwa saa na mahali.

Saa sita na nusu, mwako wa kwanza. Upande wa mashariki, chini kabisa, anga ikawa ya zambarau na kuzimika. Mzee alianza kuhesabu kwa midomo bila sauti. Kumi. Thelathini. Sitini. Hakuna kitu. Radi za kuagiza zilikuwa zimeshika njia ya Kent, kisha Essex, zaidi ya kilomita 80 kutoka kwetu. Tuliona kila kitu kwa saa moja na nusu: wingu lililotanuka juu kama fuawe ya mhunzi, likiangazwa kwa ndani, sehemu moja, halafu nyingine, halafu lote kwa pamoja. Redio ilikwaruza bila kupumzika. Mbali na redio, sauti pekee ya usiku masikioni ilikuwa ya gari moja lililopita.

Nilimuuliza kama ataandika. Akatikisa kichwa. Siku ya ngurumo, kwa kanuni ambayo vituo vyote vya hali ya hewa hufuata, ni siku ambayo ngurumo imesikika mahali hapo. Mwako bila sauti hauhesabiwi, hata ukijaza nusu ya anga. Nilimwona akifunga daftari na kufungua tena, akaandika tarehe na maneno mawili, nikachungulia: miako tu. Jumla ikabaki 2. "Imebuma," nikamwambia kwa Kiswahili, nikamtafsiria. Akalipenda neno, akajaribu kulitamka mara tatu.

Tulikuwa tumebeba viti kurudi ndani, yapata saa tisa usiku, simu yangu ilipolia. Bukoba ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na mama huamka mapema. Nilihofia habari mbaya, lakini alikuwa ameota tu ndoto juu yangu na kutaka kusikia sauti. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mbona niko macho. Kabla sijajibu, nyuma ya sauti yake ikapita ngurumo ndefu, ya kuviringika, ya kutoka ziwani, ile inayotetemesha vioo vya kabati.

Mzee alisimama mlangoni na kiti mkononi.

"Mama," nikasema, "hiyo ni nini?"

"Mvua tu, mwanangu. Tangu saa nane. Ngoja nikafunike kahawa, turubai limefunuka upande mmoja."

Nikabonyeza simu isikike kwa wote. Tukaisikiliza nyingine, na nyingine tena, mpaka mama akarudi akihema na kuuliza kama bado tupo. Mzee alikuwa amekwisha kukaa kwenye ngazi, miwani imeshuka puani, akiandika pembeni mwa ukurasa, nje ya mstari wa hesabu. Akaniomba nimwendelezee herufi za jina la mji.